Viligawanyika au Viligawanywa? Juu ya Namna Tunavyoandika Kuhusu Miungano ya Kisiasa

Katika insha za Kiswahili kuna mada isiyozeeka, nayo ni umoja. Mwalimu akiitoa, kalamu zetu huwa zimeshajua pa kuanzia: umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Sisi wa Rwanda huongeza ya nyumbani, *Abishyize hamwe ntakibananira*, yaani waliojiunga pamoja hakuna kinachowashinda. Kisha hufuata mifano ya miungano ya kisiasa iliyokufa: Ford ya Kenya, Ukawa ya Tanzania, vyama vya upinzani vya hapa kwetu mwanzoni mwa miaka ya tisini. Tukifika hapo tunaandika kwamba muungano "ulivunjika", chama "kiligawanyika", upinzani "ulisambaratika". Sababu tunazozitaja ni mbili tu, uroho wa madaraka na ukabila, na insha inafungwa.

Methali sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na vitenzi. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba tukiandika juu ya mifarakano ya kisiasa, kauli tunayoichagua hutufanya tusione jambo lililo muhimu kuliko yote: nani alifanya nini, na alitumia mlango upi kuingia.

Tuanze na sarufi, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Kitenzi "vunja" kikitiwa kiambishi cha kutendeka tunapata "vunjika". "Gawanya" huwa "gawanyika". Kauli hii haina mtenda, na wala haimhitaji. Kauli ya kutendwa angalau humwachia nafasi: "kilivunjwa na…", na msomaji akikosa jina baada ya "na" atauliza. Lakini "kilivunjika" hakiulizwi. Mtoto aliyeangusha kikombe jikoni analijua hilo kuliko sisi wanaisimu. Akiitwa atasema "kikombe kimevunjika", na kwa Kinyarwanda atasema *cyamenetse*, kiambishi kilekile, hila ileile. Tunapoeleza historia ya vyama vyetu kwa Kinyarwanda tunasema *yacitsemo ibice*, kilikatika vipande. Kilikatwa na nani? Lugha zote mbili zimetupa ruhusa ya kutosema.

Zipo hali ambazo kauli ya kutendeka ni ya haki. Udongo humomonyoka, kamba huchakaa ikakatika. Ipo pia miungano iliyochakaa hivyo hivyo, isiyopigwa na mtu. Lakini kabla ya kuandika hivyo tunapaswa kwanza kumtafuta mtenda, na tumkose. Mimi nitautazama mfano mmoja kwa urefu, wa MDR, kwa sababu ulitokea katika mji huu ninaoandikia, na kwa sababu ndio mfano ambao kwao uchaguzi wa kitenzi si jambo dogo.

Katiba ya Juni 1991 iliruhusu vyama vingi nchini Rwanda. Katika miezi hiyo vikaibuka MDR, PSD, PL na PDC kushindana na MRND ya Rais Juvénal Habyarimana. MDR kilikuwa na mizizi katika chama cha Rais wa kwanza, Grégoire Kayibanda, kwa hiyo hakikuwa kitoto kichanga kisicho na historia, na historia yenyewe haikuwa safi. Vyama hivi vilishirikiana. Vilipeleka watu barabarani Kigali mwezi Januari 1992, na Aprili mwaka huo vikaingia katika serikali ya mseto pamoja na MRND, waziri mkuu akiwa Dismas Nsengiyaremye wa MDR. Wajumbe wa MDR, PSD na PL walikwenda Brussels kukutana na RPF. Mazungumzo ya Arusha yalipoanza, aliyeongoza ujumbe wa serikali alikuwa waziri wa mambo ya nje kutoka MDR, Boniface Ngulinzira. Muungano huu ulizaa kitu. Nasisitiza hili kwa sababu katika insha zetu muungano uliokufa huonekana kama haukuwahi kuwa hai.

Sasa tuje kwenye mlango. Itifaki ya Arusha ya kugawana madaraka iliweka serikali ya mpito yenye mawaziri 21: MRND 5, RPF 5, MDR 4 pamoja na waziri mkuu, PSD 3, PL 3, PDC 1. Bunge la mpito lingekuwa na viti 70, ambapo vyama vitano vikubwa vilipewa viti 11 kila kimoja. Pale makubaliano yaliposhindikana, baraza la mawaziri lingeamua kwa theluthi mbili. Chukua kalamu upige hesabu. Mawaziri wote 21 wakiwapo, theluthi mbili ni 14, na anayetaka kuzuia uamuzi anahitaji 8. MRND ilikuwa na 5. Ilihitaji watatu tu kutoka vyama vingine, na baada ya hapo hakuna ambacho serikali ya mpito ingeweza kukiamua bila ridhaa yake.

Watatu hao wangepatikana vipi? Hapa ndipo ninapoona udhaifu ambao insha zetu haziutaji. Mkataba ulitoa viti kwa vyama. Waziri mkuu peke yake ndiye aliyetajwa kwa jina lake, Faustin Twagiramungu, mwenyekiti wa MDR; wengine wangeletwa na vyama vyao. Maana yake ni kwamba aliyetambuliwa kuwa ndiye MDR angepeleka mawaziri wa MDR, na aliyetambuliwa kuwa ndiye PL angepeleka wa PL. Hakukuwa na haja ya kuwashinda wapinzani kwa kura, wala ya kuwashawishi wote. Ilitosha kulishika jina la chama, au kuliweka jina hilo kwenye mgogoro mpaka isijulikane nani ana haki nalo.

Na hivyo ndivyo ilivyofanywa. Julai 1993 Twagiramungu alimpendekeza Agathe Uwilingiyimana kuwa waziri mkuu badala ya Nsengiyaremye. Wakubwa wenzake katika chama wakamkataa. Wakaitisha mkutano mkuu wa dharura pale Kabusunzu, hapahapa Kigali, wakamfukuza mwenyekiti pamoja na waziri mkuu mpya, na wakamchagua Jean Kambanda kuwa mtu wao wa kuongoza serikali ya mpito. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini tarehe 4 Agosti ukiwa na jina la Twagiramungu. Kwa hiyo, siku ya saini, chama kilichopewa kiti cha waziri mkuu kilikuwa na watu wawili wanaodai kiti hicho, na hakukuwa na chombo ambacho pande zote mbili zingekubali kiamue.

PL nayo ilifika hapohapo: mwenyekiti Justin Mugenzi upande mmoja, Landoald Ndasingwa upande mwingine, kila mmoja na orodha yake. Tarehe 21 Oktoba 1993 wanajeshi walimuua Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, na siku mbili baadaye Froduald Karamira, makamu wa mwenyekiti wa MDR, alisimama katika uwanja wa Nyamirambo akatangaza "Power", jina ambalo lilikuwa likivuka mipaka ya vyama. Kuanzia hapo palikuwa na MDR-Power na PL-Power. Tazama muundo wa majina yenyewe: jina la chama linabaki mbele, na neno geni linabandikwa nyuma. Waliokuwa wakikigeuza chama hawakuanzisha kingine. Jina jipya lisingekuwa na kiti Arusha.

Tarehe 5 Januari 1994 Habyarimana aliapishwa kuwa rais wa mpito katika jengo la bunge, CND. Serikali na bunge la mpito havikuapishwa siku ile. Sababu iliyotolewa ilikuwa orodha: nani anaiwakilisha PL, nani anaiwakilisha MDR. Palipangwa tarehe nyingine, na nyingine tena, hadi Machi. Ndipo tunapoandika, "taasisi za mpito zilikwama kutokana na mifarakano ya vyama." Kukwama! Kama gari kwenye tope la msimu wa mvua.

Nieleweke vizuri. Sisemi kwamba mgogoro wa orodha ndio ulioleta Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Mauaji yale yaliandaliwa na watu waliowapa wanamgambo mafunzo, na yalihubiriwa redioni, na mizizi yake ni ya miaka mingi kabla ya vyama vingi. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho: kwa miezi kadhaa chombo ambacho kingeweza kuwazuia watu hao hakikuwapo, na kutokuwapo kwake kulikuwa kazi ya watu. Kambanda aliyechaguliwa Kabusunzu ndiye aliyewekwa kuwa waziri mkuu wa ile serikali ya Aprili 1994, na mwaka 1998 alikiri kosa la mauaji ya kimbari mbele ya mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, mji uleule wa mkataba. Karamira alihukumiwa na mahakama ya hapa Kigali na akanyongwa roho kwa risasi Aprili 1998. Uwilingiyimana na Ndasingwa waliuawa tarehe 7 Aprili 1994, na Ngulinzira aliuawa siku chache baadaye. Ukiwaweka wote hawa ndani ya sentensi "MDR na PL viligawanyika", umewaweka kwenye kapu moja, kana kwamba wote walikuwa vipande vya kikombe.

Nilipolijadili wazo hili darasani, mwenzangu mmoja alinipinga, na pingamizi lake lina uzito. Alisema: "Wewe unataka kumpata mwenye kosa kwa kila jambo. Je, Twagiramungu hakuwa na lake? Hakuamua mambo makubwa bila kushauriana na wenzake?" Ni kweli alilaumiwa hivyo, na waliompinga mwezi Julai hawakuwa wote watu wa chuki, Nsengiyaremye alikuwa na malalamiko ya mtu aliyeondolewa kazini na mwenyekiti wa chama chake mwenyewe. Kwa hiyo, mwenzangu alishauri, tuandike "walifarakana". Kauli ya kutendana ingempa kila mtu sehemu yake.

Nimelifikiria sana neno hilo. Lina faida moja juu ya "gawanyika": linarudisha watu ndani ya sentensi. Lakini kauli ya kutendana ina tabia ya kugawa sawa. "Walipigana" haisemi nani alianza wala nani alikuwa na fimbo. Ugomvi wa Julai unaweza kuitwa mfarakano, nakubali. Kilichofanywa Oktoba katika uwanja wa Nyamirambo hakiwezi, kwa sababu pale upande mmoja ulikuwa ukidai kiti na upande mwingine ulikuwa ukigeuza chama kizima kielekee kwenye chuki ya kikabila. Tukitumia neno moja kwa miezi yote hiyo tunakuwa tumesema kwamba ni jambo moja. Mimi naona ni mambo mawili, na la pili lilipita kwenye ufa wa lile la kwanza.

Kuna anayeweza kudhani kwamba nimechagua mfano mzito mno, na kwamba hila ya jina ni ya Rwanda ya 1993 tu. Tazama basi majirani, mahali ambapo, tunashukuru, mwisho wake haukuwa wa damu ya namna ile.

Kenya, Ford ilianzishwa Agosti 1991 na ikawa tumaini la watu wengi waliochoka na Kanu. Mwaka uliofuata ikawa na makao mawili Nairobi, jumba la Agip upande wa Jaramogi Oginga Odinga na jumba la Muthithi upande wa Kenneth Matiba. Walibishana, pamoja na mengine, juu ya namna ya kumchagua mgombea urais: wanachama wote wapige kura, au wajumbe. Mwisho Msajili aliandikisha Ford mbili. Moja ikaitwa Ford-Kenya na nyingine Ford-Asili. Mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kulipita jina hilo la pili bila kusimama. "Asili" si jina la chama, ni dai la urithi. Desemba 1992 Daniel arap Moi alirudi Ikulu kwa takriban asilimia 36 ya kura. Hapa nakiri kwamba sehemu kubwa ya kazi waliifanya Odinga na Matiba wenyewe, na mtu akiniambia "walifarakana" sina la kumjibu.

Tanzania inanifundisha zaidi. Ukawa ulizaliwa mwaka 2014 ndani ya Bunge Maalumu la Katiba, kwa jambo moja lililoeleweka: kuitetea rasimu ya Tume ya Jaji Warioba na muundo wake wa serikali tatu. Chadema, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD wakakubaliana kuachiana majimbo. Mwaka 2015 muungano huo ukampokea Edward Lowassa kutoka CCM na kumfanya mgombea wake wa urais. Alipata karibu asilimia 40, kura ambazo upinzani haukuwahi kuzipata. Lakini Profesa Ibrahim Lipumba, mwenyekiti wa CUF, alijiuzulu Agosti mwaka huo kwa sababu ya uamuzi huohuo. Nadhani alikuwa na hoja. Muungano uliozaliwa kwa ajili ya katiba ulikuwa umegeuka kuwa muungano wa kutafuta mtu wa kushinda, na hakuna aliyerudi kwa wanachama kuwauliza kama makubaliano ya kwanza bado yapo.

Kilichofuata ndicho kinachofanana na hadithi ya MDR. Mwaka 2016 Lipumba alitaka kurudi kwenye kiti alichokiacha. Mkutano wa chama ulimkataa katika vurugu, naye Msajili wa Vyama vya Siasa akamtambua kuwa ndiye mwenyekiti halali. Julai 2017 uongozi wa Lipumba uliwavua uanachama wabunge 8 wa viti maalumu waliokuwa upande wa Maalim Seif Sharif Hamad, Spika akaridhia, na nafasi zao zikajazwa na wengine 8. Hakuna mpigakura aliyebadili mawazo yake. Hesabu ya bungeni ilibaki ileile: viti 8 vya CUF viliondoka, viti 8 vya CUF vikarudi. Machi 2019 Mahakama Kuu iliupa ushindi upande wa Lipumba, na siku hiyohiyo Maalim Seif na watu wake wakahamia ACT-Wazalendo. Waliliita tendo lao "shusha tanga, pandisha tanga". Nakipenda kitenzi hicho kwa sababu kina mikono. Watu wa pwani wanajua kwamba tanga halijishushi.

Nimewasikia wenzangu wakiitaja CUF kama mfano wa ubinafsi wa viongozi. Labda. Ila ubinafsi upo kila mahali na kila siku, hata katika vyama ambavyo havijafa, kwa hiyo hauwezi peke yake kueleza kwa nini hiki kilikufa mwaka huu na kile hakikufa. Katika mikasa hii ya MDR na CUF naona kitu kimoja kinachorudi. Sheria au mkataba umeweka kiti mikononi mwa chama, chama kina wenyeviti wawili, na anayeamua yupi ni wa kweli ni mtu ambaye matokeo ya uamuzi wake yana faida au hasara kwa serikali iliyopo. Mkasa wa pili ulikwenda hadi mahakamani. Wa kwanza haukusubiri.

Linganisha na PSD. Nacho kilikuwa na viti 3 vya uwaziri na 11 vya bunge, nacho kilitakiwa na waliokuwa wakihesabu theluthi. Hakikugawanywa kwa kiwango cha MDR na PL. Tarehe 21 Februari 1994 katibu mtendaji wake, Félicien Gatabazi, aliuawa Kigali kwa risasi, na Aprili viongozi wengine wa juu wa chama hicho wakauawa pia. Ninapouweka mfano huu kando ya methali yetu, siwezi kuandika kwa urahisi kwamba umoja uliwalinda. Haukuwalinda. Lakini angalau kwa PSD hatuna shida ya kitenzi: tunasema waliuawa, na baada ya hapo tunauliza na nani.

Katiba ya Rwanda ya mwaka 2003 inaonyesha kwamba walioiandika waliikumbuka miezi ile. Iliweka kwamba chama chenye wabunge wengi kisizidi nusu ya mawaziri, iliunda Jukwaa la mashauriano la vyama linaloamua kwa maafikiano, na ilisema mbunge anayefukuzwa na chama chake hupoteza kiti, ila mgogoro huo unaweza kufikishwa mahakamani. Kipengele hiki cha mwisho sikuwahi kukiona kikitajwa katika insha yoyote ya umoja, ingawa ndicho kinachogusa swali lililowashinda watu mwaka 1993. Kinatosha? Wanafunzi wa sheria watatuambia. Mimi ninaona bado kinamwachia chama nguvu kubwa juu ya mtu aliyechaguliwa, na maafikiano yana gharama yake pia, maana panapotakiwa wote wakubaliane mwenye kauli tofauti hubeba mzigo wa kuonekana ndiye mvunjaji. Huo ni mjadala mwingine, unaostahili makala yake.

Kwa upande wetu wa lugha, nimejaribu kuiandika upya ile sentensi ya insha, "MDR kiligawanyika mwaka 1993." Nimepata hii: "Julai 1993, baada ya mwenyekiti wa MDR kumpendekeza waziri mkuu bila kukubaliana na wenzake, viongozi wengine wa chama waliitisha mkutano Kabusunzu, wakamfukuza, wakamteua Jean Kambanda, na miezi mitatu baadaye baadhi yao wakalitumia jina la chama hicho kuhubiri chuki dhidi ya Watutsi." Ni maneno karibu arobaini badala ya manne. Wahadhiri wetu hupenda sentensi fupi na huenda wakaikata. Naomba wakiikata waanzie kwenye viunganishi, wayaache majina.